UZI: Minyoo ya mijusi wa mchangani na nyika kavu – wanaambukizwaje pasipo maji, na jinsi ya kuwatoa bila kuwaharibu

#1 MzeeWaHadubini

Wakuu, uzi huu ni wa wanaofanya kazi na mijusi wa sehemu kavu: wanafunzi wa zoolojia, maafisa wanyamapori, na madaktari wa mifugo wanaoletewa wanyama wa porini. Naanza na minyoo wenyewe, mambo ya visu na kemikali yatafuata.

La kushika kwanza: mchanga mkavu unachagua minyoo. Uso wa mchanga wa jangwani mchana hufika nyuzi 60 za Selisiasi, na kinyesi cha mjusi kilichodondoka asubuhi huwa kigumu kabla ya adhuhuri. Mnyoo ambaye yai lake lazima lifike majini, kisha aingie kwenye konokono, hana maisha hapo. Ndiyo maana trematodi (minyoo bapa wanaopitia konokono) ni nadra kwa mijusi hawa. Ukimpata, uliza kwanza kama mjusi alikamatwa karibu na lambo au kisima. Waliobaki ni wale wenye njia ya kulikwepa jua.

Wa kwanza ni wenye yai la ganda nene na mzunguko mfupi. Hawa ni minyoo-pini wa familia ya Pharyngodonidae: Parapharyngodon, Spauligodon, Thelandros na ndugu zao. Wanakaa utumbo mpana, yai linatoka na kinyesi, mjusi mwingine analiokota kwa ulimi au analimeza pamoja na mchanga, basi. Hakuna mdudu katikati. Hawa utawakuta karibu kila mahali penye mijusi, hata kwenye matuta ya mchanga mtupu.

Wa pili ni wanaosafiri ndani ya mdudu. Physaloptera, Abbreviata, Thubunaea, na tegu wa jenasi Oochoristica. Nyenje, mende, panzi au mbawakawa anakula yai, lava anakua humo, mjusi anamla mdudu. Mdudu ndiye anayebeba maji yake mwenyewe, kwa hiyo lava hajui kama nje kuna ukame.

Wa tatu hawagusi ardhi kabisa: filaria (minyoo wembamba kama uzi), kwa mfano Foleyella, ambao mbu huchukua watoto wao kutoka kwenye damu ya mjusi mmoja na kuwapeleka kwa mwingine.

Kwa hiyo kabla hujashika mkasi, jua mjusi wako anakula nini. Mla majani atakuwa na minyoo-pini kwa wingi wa kutisha na karibu hakuna kingine. Mla wadudu mchanganyiko, kama agama wetu (Agama lionotus) au Heliobolus spekii wa nyika za Kenya na Tanzania, anaweza kuwa na makundi yote. Mla sisimizi ana habari yake.

#2 chalbi_kavu

Mkuu, hapo kwa sisimizi umepita mbio. Sisimizi mkubwa hamezi kitu kigumu. Ana mfuko wa kuchujia mdomoni, chakula kigumu kinabaki humo kinatemwa, kinachoshuka ni majimaji. Yai la mnyoo litapitaje? Na bado vitabu vinasema mijusi wanaokula sisimizi wana physalopteridi (Physaloptera na ndugu zao) tumboni. Mnyoo anafikaje mle?

#3 MzeeWaHadubini

Umegusa penyewe. Jibu lililochunguzwa vizuri zaidi linatoka Marekani, kwa mijusi wenye pembe (Phrynosoma) wa majangwa ya magharibi na kusini-magharibi. Mnyoo anaitwa Skrjabinoptera phrynosoma. Ortlepp alimweleza mwaka 1922, na mzunguko wa maisha yake ukafafanuliwa na Lee mwaka 1957 kwa Phrynosoma cornutum, mjusi wa Texas. Mjusi huyu chakula chake kikuu ni sisimizi wavunaji wa jenasi Pogonomyrmex, wale wanaokusanya mbegu.

Mnyoo hukaa kwenye tumbo la chakula la mjusi, dume na jike. Minyoo wengi wa tumboni hutaga, na mayai ndiyo hutoka. Huyu jike akishajaa mayai haachi yai moja moja litoke. Anaondoka yeye mzima: anashuka utumbo mpaka kwenye kloaka (tundu la nyuma la kutolea uchafu), anatoka na kinyesi na kufia nje. Mwili wake unakuwa mfuko mkavu uliojaa mayai, na mayai yenyewe yamefungwa kwa makundi ndani ya vibumba. Sisimizi mvunaji anayepita anauona mzoga mdogo wa protini, anaubeba hadi kiotani.

Sasa hapo ndipo swali lako linajibiwa. Sisimizi mkubwa hamezi kigumu, lakini watoto wake wanameza. Katika jamii ya sisimizi kazi ya kusaga vyakula vigumu ni ya lava, ndio wanaolishwa vipande vya wadudu na mbegu. Lava wa sisimizi anakula mayai, mnyoo anaanguliwa ndani yake, na wote wawili wanakua pamoja. Lava anapogeuka bundo (pupa) na hatimaye sisimizi kamili, mnyoo yumo tumboni akiwa hatua ya tatu, tayari kwa mjusi. Sisimizi wa namna hiyo anatambulika kwa macho: tumbo limevimba na rangi imepauka kuliko wenzake.

Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti mwingine wa mnyoo huyuhuyu kwa Phrynosoma platyrhinos katika Alvord Basin, Oregon, ukifuata jinsi mambo yanavyobadilika kwa majira. Majira ni muhimu kwa sababu mnyoo hawezi kuharakisha kitu: lazima angoje kizazi cha lava wa sisimizi kikue.

Angalia faida yake jangwani. Yai halilali juani likingoja bahati. Linabebwa siku hiyohiyo na kupelekwa chini ya ardhi kwenye ubaridi na unyevu, na anayelibeba ndiye chakula cha mjusi. Kwangu mimi huu ni mzunguko bora kuliko wote niliousoma kwa reptilia.

#4 chalbi_kavu

Kwa hiyo mtu akipima kinyesi cha mjusi huyo kutafuta mayai atasema mjusi ni mzima.

#5 MzeeWaHadubini

Ndivyo. Kwenye kinyesi chake tafuta mnyoo mzima, jike mweupe anayeonekana kwa macho, na umtafute kikiwa kibichi kabla sisimizi hawajafika. Na ukipasua, dume na wadogo watakuwa tumboni, majike waliojaa mayai utawapata nyuma kwenye utumbo mpana. Asiyefungua utumbo mpana kwa sababu «physalopteridi ni wa tumboni» atakosa majike waliokomaa na kuandika uwiano wa dume na jike usio wa kweli.

#6 Naima_UDOM

Shikamooni wakubwa. Naomba utaratibu wa upasuaji wenyewe, hatua kwa hatua, pamoja na vipimo vya dawa. Maandiko mengi yanasema tu «minyoo ilihifadhiwa kwenye alkoholi» halafu yanaruka.

#7 DaktariWaPori

Marahaba Naima. Nakupa kama tunavyofanya mezani.

Kwanza muda. Mjusi aliyefungwa kwenye mfuko wa kitambaa siku mbili bila kula ameshatoa sehemu ya minyoo yake, hasa minyoo-pini na majike wazito. Fanya kazi siku ileile, na kinyesi kilichobaki mfukoni kioshwe na kichunguzwe pia, ni sehemu ya hesabu. Mjusi aliyekufa akaachwa kwenye joto ni tatizo lingine: minyoo hutoka tumboni na kutangatanga, utawakuta kwenye koo au hata nje ya utumbo, na utaandika mahali pasipo pao. Akifa wakati huna nafasi, mweke kwenye barafu, usimgandishe. Kugandisha kunapasua seli, tegu hasa anakuwa uji.

Kuua: njia inayokubalika kwa reptilia wadogo ni MS-222 (dawa ya usingizi) iliyosawazishwa asidi yake kwa bikabonati, ikidungwa ndani ya uwazi wa mwili, miligramu 250 hadi 500 kwa kilo, na akishapoteza fahamu kabisa dozi ya pili isiyosawazishwa, nzito, asilimia 50. Kumtia kwenye friza akiwa na fahamu hakukubaliki, na kamati ya maadili itakurudishia andiko lako.

Pima uzito, kisha urefu kutoka puani hadi kwenye kloaka. Mkia usiingize, mijusi hukatika mikia.

Mlaze chali. Kata kuanzia mbele ya kloaka hadi kooni, kando kidogo ya mstari wa kati, kwa sababu katikati pana mshipa mkubwa wa vena na damu ikimwagika huoni kitu. Usiguse utumbo bado. Angalia kwanza uwazi wa mwili: juu ya ini, kwenye utando unaoshika utumbo, kwenye mafuta, chini ya ngozi. Hapo ndipo wanapokaa filaria, vifuko vya lava wa physalopteridi, na lava wa tegu. Ukianza na utumbo utawakosa hawa wote.

Kisha toa mapafu, ini, na mfumo wa chakula. Tenganisha umio, tumbo, utumbo mwembamba na utumbo mpana, kila kimoja kwenye sahani yake yenye maji ya chumvi ya asilimia 0.85, yaani gramu 8.5 kwa lita. Usitumie maji ya bomba kwa nematodi (minyoo ya mviringo), wanavimba na kupasuka na matumbo yao yanatoka nje.

Pasua kila sehemu kwa urefu, kwaruza ukuta taratibu kwa mgongo wa kisu, mimina yote kwenye kichujio chenye matundu ya maikromita 75. Hapo wengi wanakosea. Dume wa Pharyngodonidae ana urefu wa milimita moja au mbili tu na ni mwembamba mno. Kwenye chujio la chai anapita, ukabaki na majike peke yao. Na dume ndiye mwenye alama za kutambua spishi. Kazi yote imepotea.

Kwenye tumbo usiishie kwenye kilichomo ndani. Physalopteridi huuma ukuta kwa midomo yao. Wavute kwa kibano kisicho na meno, ukiwashika katikati ya mwili, au waache kwenye maji ya chumvi nusu saa waachie wenyewe. Ukimvuta kwa nguvu kichwa kinabaki ukutani na huna tena cha kutazama.

Kuua minyoo: suuza kwenye maji safi ya chumvi, mwaga sehemu kubwa ya maji hayo, kisha mwagia ethanoli ya asilimia 70 iliyopashwa hadi nyuzi 60 au 70. Mnyoo ananyooka papo hapo na kubaki hivyo. Ipashie chupa ndani ya bakuli la maji moto, kamwe si juu ya moto, mvuke wa ethanoli unawaka. Akiingia kwenye formalini baridi anajikunja, na mnyoo aliyejikunja humpimi.

Hifadhi: ethanoli asilimia 70 pamoja na gliserini asilimia 5. Gliserini ni bima: chupa ikivuja na alkoholi ikakauka, mnyoo anabaki laini.

Tegu ni kinyume chake. Mweke kwenye maji baridi ya kawaida ndani ya jokofu mpaka aache kusinyaa ukimgusa, ndipo umtie formalini asilimia 10. Minyoo wenye kichwa cha miiba (akantosefala) nao wanahitaji maji yasiyo na chumvi ili pua yao ya miiba itokeze nje. Bila kuhesabu safu za miiba hiyo hakuna jina.

#8 kibanoNaKisu

Nakubaliana na karibu yote, ila formalini asilimia 10 kwa tegu inamfungia Naima mlango wa DNA. Formalini inafungamanisha protini na kukatakata DNA. Kata vipande vichache vya mwisho wa tegu, au kwa nematodi kipande cha katikati ya mwili, utie ethanoli asilimia 95 au zaidi kabla ya hatua nyingine yoyote. Kichwa na mkia vibaki kwa hadubini, katikati iende maabara ya jeni. Namba ya chupa iwe moja na herufi tofauti.

#9 DaktariWaPori

Sahihi, na ninakushukuru. Ila ethanoli ya 95 isitumike kwa mnyoo unayetaka kumtazama umbo, inamkausha anakuwa mgumu na kukatika.

#10 Naima_UDOM

Asanteni sana. Kutambua je? Nikishamweka chini ya hadubini natazama nini?

#11 kibanoNaKisu

Nematodi mzima ni kiza, lazima umng'arishe. Laktofenoli inafanya kazi kwa dakika chache hadi saa kadhaa, lakini fenoli inaunguza ngozi na mvuke wake si wa kuvuta: glavu, dirisha wazi. Asiye na haraka aweke mnyoo kwenye ethanoli yenye gliserini kwenye sahani ndogo, afunike nusu, aache alkoholi iruke taratibu kwa siku kadhaa. Atabaki kwenye gliserini tupu, amenyooka, anapenya mwanga. Ukiharakisha hatua hii anasinyaa na kuwa bapa.

Halafu nenda kwa mpangilio. Je, umio wake unaishia na tufe la misuli? Kama ndiyo na ni mdogo mwenye mkia uliochongoka, uko kwa Pharyngodonidae. Tazama mkia wa dume: Spauligodon ana mabawa ya ngozi pande za mkia, Parapharyngodon hana, au anayo membamba mno. Kama ana tufe hilo lakini ni mkubwa zaidi, na dume ana kinyonyeo cha duara mbele ya kloaka, uko kwa Strongyluris. Strongyluris brevicaudata ni mkazi wa kawaida wa utumbo mpana wa agama wa Afrika, kwa hiyo kwetu atakutokea mara nyingi.

Kama hana tufe, ana midomo miwili mikubwa ya pembeni yenye meno, na ngozi ya shingoni imejikunja ikawa kola, huyo ni wa kundi la Physaloptera. Jenasi inaamuliwa na meno, na meno huyaoni kwa ubavu. Kata kichwa kwa wembe mpya, kipande kifupi iwezekanavyo, ukisimamishe kwenye tone la gliserini ngumu ili ukitazame usoni kutoka juu. Abbreviata ana meno ya ziada ya jozi kwenye kila mdomo ambayo Physaloptera hana. Thubunaea meno yake yamefifia. Kwa dume hesabu papila (vinundu) za mkiani na upime spikula (vijiti vya kujamiiana) zote mbili, kushoto na kulia, kwani mara nyingi hazilingani.

Lava waliomo kwenye vifuko usiwape jina la spishi. Andika «lava wa Physalopteridae» uishie hapo. Anayeandika spishi kwa lava anakisia.

#12 Mswahili_Muscat

Salaam aleikum wadau. Kwetu Oman mjusi wa kuzungumzwa ni dhabb, Uromastyx, mla majani wa mabondeni na tambarare za changarawe. Naomba mtazame na upande huo, maana mliyoyasema ya wadudu kwake hayana nafasi kubwa.

Utumbo mpana wa dhabb ni pipa la kuchachusha majani, na ndani yake minyoo-pini hujaa kwa mamia na maelfu, spishi kadhaa kwa wakati mmoja, huku mnyama mwenyewe amenenepa na mkia umejaa mafuta. Mgeni akiona hayo anakimbilia dawa. Haina haja. Minyoo hawa wanakula bakteria na chakula kilichokwisha kusagwa, ukuta wa utumbo hawaumi. Wamezoeleka kwa wala majani wengi: kobe wa nchi kavu nao wako vilevile.

Kuhesabu wote ni kazi bure. Osha utumbo mpana wote kwenye chombo kimoja, ongeza maji ya chumvi hadi lita moja, koroga vizuri, chota mililita 20, hesabu minyoo waliomo, zidisha kwa 50. Rudia mara tano upate wastani. Kosa kubwa ni kuchota bila kukoroga, minyoo huzama haraka na chini huwa wengi kuliko juu.

Halafu wanaopenda filaria wasiache kumtazama chini ya ngozi na kwenye uwazi wa mwili. Foleyella candezei anamshambulia Uromastyx na agama wengine, na mbu ndiye msafirishaji. Kwa aliye hai, toa damu kidogo kwenye vena ya mkia, ijaze kwenye tyubu ya kapilari yenye heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), izungushe kwenye sentrifuji, halafu tazama mstari wa mpaka kati ya chembe nyekundu na maji ya damu: mikrofilaria (watoto wa filaria) huonekana wakijinyonganyonga. Tone nene la damu kama la malaria halitoi picha nzuri kwa reptilia, kwa sababu chembe zao nyekundu zina viini na viini havifutiki ukiosha.

#13 mjukuu_wa_Tsavo

Waleikum salaam. Mimi siruhusiwi kuua mnyama hata mmoja, eneo letu ni la hifadhi. Kinyesi tu. Nifanyeje na matokeo yawe ya maana?

#14 DaktariWaPori

Inawezekana, ila ujue mipaka yake. Mshike mjusi kwa kitanzi cha uzi laini kwenye fimbo ndefu, mminye tumbo kwa kidole taratibu kuelekea nyuma, wengi watakupa kinyesi palepale. Kile kibonge cheupe ni mkojo mkavu, kitenge. Gawa kinyesi sehemu mbili.

Nusu ya kwanza ni ya kuelesha mayai. Yeyusha chumvi ya mezani kwenye maji ya moto mpaka ibaki isiyoyeyuka chini, takriban gramu 400 kwa lita, iache ipoe. Ponda kinyesi humo, chuja, jaza tyubu mpaka ukingoni, funika kwa kioo kidogo, ngoja dakika 10 hadi 15. Usipitishe, chumvi inayanyonya mayai yakabonyea. Mayai ya minyoo-pini yataelea: marefu, mengi yakiwa bapa upande mmoja.

Nusu ya pili ni ya kuzamisha. Mayai ya physalopteridi ni mazito, ganda nene na lava keshakomaa ndani, na kwenye chumvi yanaelea vibaya au hayaelei kabisa. Ponda kinyesi kwenye maji, chuja, acha yatuame dakika kumi, mwaga ya juu, rudia mpaka maji yawe safi, tazama mashapo. Anayefanya kuelesha peke yake ataandika kwamba nyika yake haina Physaloptera.

Ukiokota kinyesi kilichokauka chini, kiloweke kwenye trisodiamu fosfeti ya asilimia 0.5, gramu 5 kwa lita, saa 24 au zaidi. Mayai yaliyosinyaa yanarudi umbo. Lakini kinyesi cha kuokota hakina jina la mwenyewe, kwa hiyo usikitumie kuhesabu asilimia ya mijusi walioambukizwa.

Na tahadhari moja inayowaangusha hata wazoefu: mjusi anakula wadudu, na wadudu wana minyoo yao. Mende na mbawakawa wana minyoo-pini wa kwao, na mayai yake yanapita tumboni mwa mjusi bila madhara na kutokea kwenye sahani yako. Vilevile mayai ya utitiri. Ukiona yai la ajabu mara moja kwa mjusi mmoja, liweke kando mpaka ulione tena.

#15 Bwana_Paka

Samahani kuingilia, mimi si mtaalamu. Paka wangu anakula mijusi wa ukutani kila usiku. Anaweza kupata minyoo kwao?

#16 MzeeWaHadubini

Anaweza. Tegu wa paka wa jenasi Joyeuxiella na Diplopylidium hupita kwa mijusi, hasa hawa watembea ukutani usiku: lava anakaa kwa mjusi, paka anamla, tegu anakomaa utumboni mwa paka. Ukiona vipande mithili ya punje za mchele kwenye kinyesi chake na hana viroboto, mshuku mjusi. Dawa ya prazikwanteli inamtoa, lakini paka anayeendelea kuwinda ataambukizwa tena. Mesocestoides naye ni wa njia hiyo, lava wake weupe hujaa kwenye uwazi wa mwili wa mjusi wakisubiri mbwa, paka au mbweha.

#17 chalbi_kavu

Nyongeza kuhusu mapafu, kwa kuwa watu huyatupa. Ndani yake unaweza kukuta kitu cheupe chenye pingili, urefu wa sentimita moja hivi, kinajongea. Wengi huandika «mnyoo wa mapafu». Tazama mdomoni: kama kuna kulabu nne, huyo ni pentastomida, kwa mfano Raillietiella, na kinasaba ni ndugu wa krasteshia, upande wa kaa na kamba. Mnyoo wa kweli wa mapafu ya reptilia ni Rhabdias, nematodi mweusi katikati kwa sababu utumbo wake umejaa damu. Sehemu kavu kabisa huyu wa pili usimtarajie sana, lava wake anahitaji udongo wenye unyevu.

Na wote: glavu, na mikono kwa sabuni. Minyoo wengi wa mijusi hawana habari na binadamu, lakini Salmonella ya kinyesi chao inayo.

#18 Naima_UDOM

Swali la mwisho kwa upande wangu: hesabu. Msimamizi ananitaka «wastani wa minyoo», mwingine anasema wastani hauna maana.

#19 kibanoNaKisu

Wote wawili wanasema kweli. Kuna namba tatu na kila moja ina jina lake, zilipangwa na Margolis na wenzake mwaka 1982 na kuboreshwa na Bush na wenzake mwaka 1997. Tuseme umepasua mijusi 40, wenye mnyoo fulani ni 10, na minyoo yote ni 150. Kiwango cha maambukizi ni 10 kwa 40, asilimia 25. Wingi kwa kila aliyeambukizwa ni 150 kwa 10, yaani 15. Wingi kwa kila aliyechunguzwa ni 150 kwa 40, yaani 3.75. Ukiandika «wastani» bila kusema ni upi, hakuna anayeweza kulinganisha kazi yako na ya mwingine.

Sasa kwa nini mwingine anasema hauna maana: minyoo hawagawanyiki sawa. Mjusi mmoja anaweza kubeba 90 kati ya hizo 150. Toa na kati (mediani) na kiwango cha chini na juu, na mipaka ya uhakika kwa njia ya kuchukua sampuli upya kwenye kompyuta, usitumie mkengeuko wa kawaida kama vile data iko kwenye umbo la kengele.

Na usiandike «hakuna minyoo» kwa sampuli ndogo. Mijusi 10 wakitoka wote safi, kwa uhakika wa asilimia 95 maambukizi bado yanaweza kufika karibu asilimia 30. Wakiwa 30 wote safi, unashuka hadi karibu 10.

Tenga pia jinsia, ukubwa na msimu. Mjusi mkubwa ameishi kula wadudu wengi zaidi, kwa hiyo kulinganisha mijusi wakubwa wa kiangazi na wadogo wa masika ni kulinganisha umri, si sehemu.

#20 mjukuu_wa_Tsavo

Vibali?

#21 DaktariWaPori

Kenya anzia NACOSTI (tume ya sayansi) na KWS (shirika la wanyamapori). Tanzania COSTECH (tume ya sayansi) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori). Dhabb yuko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini), kwa hiyo hata kipande chake kikivuka mpaka kinahitaji karatasi. Mitego ya ndoo inaelezwa kwenye maombi: ndoo ya lita 20 iliyofukiwa mpaka ukingo uwe sawa na mchanga, matundu chini ya kutoa maji ya mvua, kipande cha ubao juu cha kivuli, na muda wa kuikagua. Ndoo inayokaguliwa mara moja tu mchana inaua mijusi kwa joto. Alfajiri na kabla ya saa nne asubuhi ndiyo kiwango cha chini.

#22 Naima_UDOM

Na lebo ndani ya chupa naandika kwa kalamu gani?

#23 DaktariWaPori

Penseli, kwenye karatasi nzito, iingie ndani ya chupa pamoja na mnyoo. Wino wa peni unayeyuka kwenye ethanoli na kupaka minyoo rangi. Namba ya mjusi, kiungo alikotoka, tarehe, mahali kwa koordinati, na jina la aliyekusanya. Kiungo usikisahau: «tumbo» na «utumbo mpana» visichanganywe chupa moja, ukumbuke yale majike wa Skrjabinoptera wa hapo juu.

Na mwili wa mjusi wenyewe usiutupe. Utie formalini, upeleke makumbusho na namba ileile, ili siku spishi ya mjusi ikigawanywa mara mbili, kama inavyotokea kwa agama kila kukicha, mtu aweze kurudi kuangalia mnyoo wako alitoka kwa yupi.